"Yaya" wa Kolwezi na "Yaya" wa Kamusi

Mtu wa Mashamba, mjini Kolwezi, akisema "yaya yangu", anamtaja ndugu aliyemtangulia kuzaliwa, awe mwanamume au mwanamke. Msomaji aliyelelewa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 huelewa jambo lingine kabisa: mlezi wa mtoto, mwenye kulipwa mshahara. Ndipo hukumu hutolewa upesi kwamba Kiswahili cha Katanga kimeliharibu neno. Hukumu hiyo haina msingi.

Hapa pana maneno mawili. Lile la kamusi asili yake ni Kireno, aia. Lilipitia India, Waingereza wakalichukua, nalo likaingia Kiswahili cha pwani. (Ajabu ni kwamba aia yenyewe huunganishwa na avia ya Kilatini, yaani bibi mzaa baba au mama, kumbe hata mtumishi huyo alizaliwa ndani ya ukoo.) La Kolwezi ni la Kibantu, na Kikongo na Kilingala vinalo pia. Mji huo ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga, ukakusanya watu wa makabila mengi. Kiswahili cha kazini kikawa cha nyumbani, na nyumbani maneno ya ukoo hayaagizwi kutoka Unguja.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba "kaka" au "dada" hutosha kushika nafasi ya "yaya". Maneno hayo mawili, kama yanavyotumika leo katika usanifu, hutenganisha kwanza jinsia. "Yaya" hutenganisha umri, nalo huenda sambamba na "mudogo": yupi aanze kusema, yupi asikilizwe, yupi awajibike wazazi wasipokuwepo. Kwa sababu hiyo kijana humwita "yaya" hata jirani au mfanyakazi mwenzake aliyemzidi miaka, bila undugu wa damu. Wingi wake, "bayaya", usanifu hauna budi kuueleza kwa maneno manne: kaka na dada wakubwa.

Yafaa basi kamusi ziweke vidahizo viwili, kila kimoja na asili yake, badala ya kuiacha maana ya Kongo ionekane upotofu wa ile ya pwani. Na insha ya mwanafunzi wa Kolwezi, asemaye kwamba yaya alimlipia karo, haipasi kusahihishwa kuwa "kaka" kabla mwalimu hajauliza kama yaya huyo ni mwanamke.