Hodi Kwenye Waya

Chumba chetu cha vitabu vya zamani, Mji Mkongwe, kina kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa dhiraa. Mawimbi ya waifai hufia humo. Kihisi cha joto na unyevu, kidogo kama kiberiti, ikabidi kivutiwe kebo, na kwa kuwa soketi hakuna, kebo hiyohiyo ikiletee umeme.

Aliyeifunga mwanzo alikuwa kijana mwenye haraka. Alichukua chaja ya simu ya volti 5, akaiunga kwenye nyaya za bluu na za kahawia, ambazo mtandao wa megabiti 100 hauzigusi, akapokea ujira wake akaenda. Kihisi kikawa kila kikitaka kutuma taarifa kinazima, kinawaka, kinazima tena. Mita 40 za waya zilikuwa zikimeza volti nzima na zaidi njiani. Masika yakapita, unyevu ukavitafuna vitabu bila shahidi.

Safari hii nikamwita mzee aliyefunzwa na watu wa Posta na Simu ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika 1977. Alikaa juu ya ndoo, akaukwangua waya wa kijana kwa ncha ya kisu. Shaba hubaki nyekundu mpaka ndani. Huu ulitoka weupe, alumini iliyopakwa rangi ya heshima. Mzee hakusema kitu. Aliukunja akauweka kando, akafungua kebo yake.

Jozi za nyaya zilizosokotwa alizifumua kwa dole gumba, kiasi cha ukucha tu, akazipanga: chungwa, kijani, bluu katikati, kahawia pembeni. Akazikata mkato mmoja.

"Mzee, kwa nini usifumue zaidi ikawa rahisi?"

"Mwanangu, ukiufumua ukili, mkeka utaushona na nini?"

Msokoto huo Alexander Graham Bell aliusajili 1881, simu zisivujiane maneno.

Chaja hakuitaka. Alileta swichi ya mtandao ya volti 48, inayopitisha umeme kwenye kebo hiyohiyo. Umeme ukipanda hivyo, kazi ileile huhitaji mkondo mdogo, na njia humeza punje tu. Mwisho wa kebo kijisanduku huushusha tena hadi 5. Ninachokipenda zaidi ni adabu ya swichi hiyo. Kwa kanuni ya 2003 ya kupitisha umeme kwenye kebo ya mtandao, haimwagi umeme ovyo. Hubisha hodi kwanza kwa volti chache, ikisikiliza ukinzani wa kiloomu 25 hivi; asipoitikia mtu, haiingii. Hutoa hadi wati 15.4 na kuahidi kuwa 12.95 tu ndizo zitafika, maana njia nayo ina ushuru wake.

Volti 48 ni zilezile za simu ya mezani. Utotoni umeme ukikatika, mtaa mzima giza, baba aliinua mkono wa simu akaniwekea sikioni. Mlio ulikuwapo, mnene, hautetereki. Betri za kituo cha simu zilikuwa zikituangalia kutoka mbali. Nyaya za huko, mzee ananiambia, zilifungwa kwa uzi wenye nta, fundo kwa fundo, mahali ambapo hakuna mteja ambaye angepaona. Leo juu ya dari zetu kebo zimelala kama utumbo, hazina hata karatasi ya jina.

Jioni ile umeme ulikatika. Swichi ikashika betri, na kijitaa cha kijani kikaendelea kuwaka kati ya makabati. Nilipofika nyumbani nikaipapasa simu ya baba gizani, juu ya kabati. Wajukuu wameshaukata waya wake kuchezea.