Ngonjera na Simu ya Mkononi

Wapenzi wa ushairi wa pwani wamezoea kuidharau ngonjera. Husema ni shairi la jukwaani, vina vimekaa sawa lakini moyo haumo. Mimi niliikuta Kasulu, katika shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sina budi kukiri kuwa niliipenda. Nilipewa nafasi ya mbishi. Nilibisha kwa sauti kuu mbele ya wageni wa wilaya, huku nikiujua kwa ghibu ubeti ambao ningeshindwa. Na wazee wetu, waliohamishiwa vijijini kwa Operesheni Kigoma ya 1972, walishangilia pale nilipokiri kosa.

Hilo ndilo umbo la ngonjera tangu Mathias Mnyampala alipoieneza baada ya Azimio la Arusha la 1967. Asiyejua huuliza, ajuaye hujibu, kisha wote wawili huafikiana. Mnyampala alikuwa fundi, na wengi waliomfuata walichukua vina vyake wakauacha ufundi. Lakini sijapata kumwona mbishi akishinda.

Umbo hilo hunijia kila nisikiapo kwamba simu imemfikisha mwananchi serikalini. Mwaka 2012 Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilizunguka Bara na Visiwani ikiwasikiliza watu mikutanoni, na waliotaka waliweza kuleta maoni kwa maandishi na kwa njia ya mtandao. Hapo mbishi alipata ubeti ambao mwalimu hakumwandikia, maana rasimu ya 2013 ilipendekeza serikali tatu, jambo ambalo chama tawala hakikulitaka. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kukumbushwa yaliyofuata. Bunge Maalumu la 2014 lilirejesha serikali mbili katika Katiba Inayopendekezwa, na kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za alama za vidole ulikuwa haujakamilika. Mashine iliyoletwa ili kila mtu ahesabiwe vyema ndiyo iliyotajwa kuwa sababu ya watu kutohesabiwa.

Sisemi simu haina faida. Huku kwetu gazeti lilikuwa likifika likiwa limechakaa, na habari ya Bunge tuliisoma kama hadithi ya kale. Leo mkulima wa Heru Juu huisikia siku ileile. Ninachokihakiki ni mazungumzo yenyewe. Jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, aliniomba nimwandikie ofisi moja ujumbe kuhusu daraja. Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu chini: asante, maoni yako yamepokelewa. Mzee akacheka. Sisi Waha husalimiana kwa kupiga makofi, na salamu haiishi mpaka mwenzio akujibu yote uliyomuuliza. "Huyu, mwanangu," akasema, "amepiga makofi akaenda zake."

Malumbano ya magazetini yalikuwa na adabu nyingine. Mtu wa Tanga alitoa hoja, ikakaa wiki nzima ikisubiri, kisha akajibiwa kwa bahari ileile na mtu aliyetia jina na anwani yake, naye asiyeweza kuitimiza mizani alinyamaza. Beti za siasa zinazorushwa simuni nyakati za uchaguzi hazina mtunzi, na vina vyake, niseme kweli, ni vya kuokoteza. Humjibu nani? Anayezipokea huzisukuma kwa mwingine, basi.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Katika siku hizo kijana mmoja, ambaye sikupata kumwona na kalamu mkononi, aliniletea beti tatu kwenye karatasi ya daftari. Urari wake ulikuwa mbovu ubeti wa pili. Nilimweleza hivyo, kisha nikakaa kumtungia jibu, na hoja yake ya tatu hadi sasa sijaipatia neno.