Joto peke yake haitoshi

Hapa Bukavu nilifuata konferansi moja juu ya kutoa umeme katika joto ya chini ya udongo. Mtoa mada alisema vizuri, ramani zake zilipendeza. Lakini mimi nilitoka na roho nusu.

Karibu saa nzima alituonyesha joto tu: Nyiragongo, kisha maji ya moto ya Kankule kule Katana. Juu ya nyufa za mawe, dakika mbili! Jiwe la moto lisilo na nyufa ni sawa na udongo wenye mbolea mingi lakini umekaza: maji hayapiti. Na maji yanapaswa kushuka, yapate moto, yapande tena.

Alijisifia Kiabukwa ya Katanga. Ni kweli, mu 1952 kiwanda kile kilikuwa cha kwanza Afrika, kilowati 200 hivi. Lakini kule maji ya digri 91 yalikuwa yanatoka yenyewe, ufa ulishajionyesha. Mbona hakutaja jirani? Mu 2013 Rwanda ilitoboa zaidi ya mita 3000 karibu na Karisimbi, volkano ya mpaka wetu, na haikukuta mvuke wala joto ya kutosha.

Nikauliza: nyufa mtazitafuta namna gani? Akajibu, "Mashine ya kutoboa itatuonyesha." Hapana, papa! Kisima kimoja kinakula mamilioni ya dola. Ardhi yetu inatetemeka kila mara, na mitetemeko midogo njo inasaidia. Wimbi likipita mu mawe yenye nyufa za kulala upande mmoja, linagawanyika mara mbili: lile linalotikisika sambamba na nyufa linatangulia, lile linalozikata linachelewa. Ule uchelewaji unasema nyufa ni mingi ao kidogo, na zinaelekea wapi. Wakenya walisikiliza mitetemeko ya namna hiyo kule Olkaria. Hata siye ba-agronome tuko na kazi, ju gazi kaboniki inapandia mu nyufa na kupimika mu udongo. Watu wa Goma wenye kupoteza mbuzi mu mazuku wanaijua bila kipimo.

Mambo haya yote hakuyagusa, na tayari alikuwa amechora pa kutoboa, mu mashamba ya mihogo. Mama mmoja nyuma yangu aliuliza kama apande msimu huu ao angojee. Alijibiwa, "Tutaona."