Boriti za Rufiji na Deni la Musimu

"Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii husemwa pwani kote kwa furaha, na aghalabu anayefaidika nayo ni mgeni. Abdulrazak Gurnah, katika riwaya ya By the Sea iliyochapishwa mwaka 2001, ameipindua methali hiyo bila ya kelele. Mgeni wake ni Hussein, mfanyabiashara wa Bahrain anayefika Unguja katika musimu wa mwaka 1960. Miezi ambayo kwao ni ya baridi huipitisha katika joto la kisiwa, akiuza, akikopesha na kukopa, kisha hurejea kwao kama walivyorejea wenziwe kwa karne nyingi, kaskazi inapotulia na kusi kuanza kuvuma.

Anaporejea, wenyeji hawajapona. Rajab Shaaban Mahmud, aliyempangisha chumba, ameiweka nyumba yake rehani. Mwanawe mkubwa, Hassan, anamfuata mgeni huyo Ghuba. Saleh Omar, muuza samani, amebaki na kijisanduku cha udi na hati ya deni ambalo mwenyewe harudi kulilipa. Hussein si zimwi. Ana adabu, ana ulimi mtamu, na ndiyo maana anatisha.

Upande wa pili wa safari hiyo uliandikwa miaka 61 kabla. Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden mwishoni mwa mwaka 1938, akateremka nalo hadi Unguja na delta ya Rufiji, kisha akarudi nalo Kuwait mwaka 1939. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka mwaka 1940. Hapana shaka kurasa za Rufiji ndizo nzito kuliko zote: matope ya mikoko, mbu, homa, na boriti zinazopakiwa kwa jasho. Baada ya hapo kurudi nyumbani kungetarajiwa kuwa furaha tupu. Villiers, kwa sifa yake, hakuandika hivyo. Anaonesha kwamba baharia naye alirejea kwenye deni: yeye kwa nahodha, nahodha kwa tajiri, na wengi wao wakaingia tena baharini kuzamia lulu. Msomaji aliyemchukia Hussein hulazimika kusita hapa, kwani mgeni pia ana wa kumdai.

Na nyumba yenyewe anayoirudia? Ghuba haina misitu. Upana wa chumba cha Kuwait au Bahrain ya zamani ulipimwa kwa urefu wa boriti, na boriti zilitoka mikokoni mwetu. Mikoko hiyo hiyo ilisimamisha kuta za udongo na mapaa ya nyumba za Kiswahili za Dar es Salaam, zikiwamo zile za Temeke na Kinondoni, vitongoji vilivyopanuka baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Wengi wa waliojenga upande wa Temeke na Mbagala, kando ya barabara ya Kilwa, walitoka kusini, Rufiji ikiwamo. Baharia wa Kuwait na Mrufiji wa Temeke walilala chini ya miti ya delta moja, kila mmoja akiita pale kwao.

Huyu wa pili ndiye anayekosekana vitabuni. Villiers anaona shehena kwa jicho kali, lakini watu wa delta wanampita kama vivuli. Gurnah anawaona wenyeji, ila wenyeji wake ni watu wa mjini, wenye nyumba za kuwekwa rehani na hati za kugombaniwa. Mkata boriti hana hati. Wala washairi hawawezi kujitoa katika lawama hii. Tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, chombo, nahodha na tanga vimekuwa mafumbo yasiyochakaa, na mpenzi ameagwa bandarini mara zisizohesabika. Aliyeachwa na panga lake topeni, maji yakijaa na chombo kikielea na miti yake, ni nadra kupewa ubeti.

Hata hivyo riwaya ya Gurnah inafika mahali ambapo kitabu cha Villiers hakikuweza kufika. Hassan naye anarudi kwao, baada ya miaka mingi, na hakuleta zawadi. Ameleta madai. Saleh Omar, mzee sasa, hana tena pa kukaa katika mji aliozaliwa. Anakimbilia Uingereza kwa pasi yenye jina la Rajab Shaaban Mahmud, na kijisanduku kile cha udi ndani ya mzigo wake. Afisa wa uwanja wa ndege wa Gatwick anakichukua. Ni mwezi wa Novemba. Unguja kaskazi inaanza kuvuma, na safari hii mwenyeji ndiye aliyetoka, kuelekea kwenye baridi.