Heko kwa Fundi wa Mkanda wa Taimingi

Kwenye Hiace za zamani zenye injini ya dizeli ya 3L, mkanda mmoja wa mpira ndio unaounganisha mwendo wa krenki, kemshafti na pampu ya dizeli. Ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugonga valvu, na mwenye gari huanza kukopa. Kwa hiyo heko kwa fundi wa Kirinyaga Road, Nairobi, asiyeiharakisha kazi ya kuubadilisha mkanda huo.

Mtazame. Anasugua gia kwa kitambaa chenye dizeli hadi alama zionekane, anazilinganisha, halafu anazitia nukta ya rangi nyeupe kabla hajagusa mkanda mkuukuu. Mpya ukishakaa, hapigi stata. Anashika spana na kuzungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, maana kwa miwili hiyo kemshafti huzunguka mmoja tu. Alama zikipishana hata jino moja, anafungua upya. (Anayenung'unika ni mwenye gari.) Beringi ya kukazia mkanda hairudishi kuukuu, na sili ya krenki ikivuja oili, atakutuma dukani kwanza. Wapo wanaomwita mpenda gharama. Gari langu nampelekea yeye.