Mtambo Mgumu: Utoe Kwanza Kwenye Mti

Mvumbuzi Henry Morton Stanley alipofika Kwihara, karibu na Tabora, mwezi Juni 1871, msafara wake ulikuwa na bunduki za Winchester na Henry, bastola mbili za kupakia kwa nyuma, na magumegume 24 ya askari, yaani bunduki za kuwashwa kwa jiwe. Hayo magumegume ndiyo yanayostahili kuchambuliwa. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za fataki kuanzia miaka ya 1840, silaha zao za zamani ziligeuka mitumba: nyingi zilishuka Unguja, zikavuka hadi Bagamoyo, kisha zikapanda bara mabegani mwa watu mpaka Tabora.

Silaha ya mkono wa pili huja na ugumu wake. Nyundo inavutika kwa shida, au triga inagoma, au nyundo inaanguka kinyonge bila kutoa cheche. Wengi hukimbilia chupa ya mafuta. Chupa ingoje.

Gumegume lililolala miaka mingi huenda bado limeshindiliwa. Tumbukiza ufito mtutuni hadi ugote, tia alama mdomoni, kisha uulaze ufito huo juu ya mtutu kwa nje. Ncha isipofika kwenye tundu la moto, kuna kitu ndani, na kazi ya mtambo haianzi mpaka kitolewe.

Sasa legeza skrubu mbili za ubavuni, utoe mtambo mzima, yaani nyundo na springi zake, na kuujaribu mkononi. Hapa ndipo fundi wa kweli anapojulikana. Mtambo ukicheza vizuri ukiwa nje na kukwama ukirudishwa, chuma hakina kosa. Ama skrubu zimekazwa kupita kiasi, ama mti wa bunduki umevimba. Tabora mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, na mti uliokaushwa na kiangazi kirefu hunywa unyevu huo ukabana vyuma vilivyomo. Mafuta hapo yataulainisha mti na kuuozesha tu. Paka masizi ya sufuria kwenye vyuma, rudisha mtambo, ukoki taratibu, utoe tena: penye doa jeusi ndipo pa kukwangua, kidogo kidogo.

Mtambo ukiwa mgumu hata nje, tazama uchafu. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama masizi na chumvi za potasiamu. Chumvi hizo huvuta unyevu hewani na kula chuma. Mafuta hayaziyeyushi, maji huziyeyusha. Kwa hiyo osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha upesi hadi kwenye pembe za springi, ndipo upake mafuta mepesi, kiasi cha kung'arisha tu. Anayeyakwepa maji kwa kuogopa kutu anaiacha chumvi ndani, nayo itajitafutia maji yenyewe. Mafuta ya kupikia yasitumike: yakikaa huganda kama gundi.

Jambo moja silivumilii, nalo ni kupiga tupa jino linaloshika nyundo ili triga iwe laini. Jino likipungua, nusu koki, yaani nyundo kusimama nusu njia, haishiki tena, na bunduki inaweza kulia begani mwa aliyeibeba.

Bastola ya silinda ina shida nyingine. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mwembamba ambamo moshi wa kila risasi hupenya, na enzi za baruti nyeusi masizi yalijaa kwenye mhimili hadi silinda ikagoma kuzunguka. Gumegume halina mwanya huo, na vyuma vyake vichache vyote vinaonekana ukishatoa skrubu mbili. Kwa safari ya miezi kati ya pwani na Tabora, naamini hiyo ilikuwa faida kubwa kuliko ubora wa shabaha.

Bastola za siku hizi zikikaza, mara nyingi ni grisi ya kale iliyoganda, au uchafu chini ya nyota inayosukuma maganda, au fimbo ya nyota hiyo imelegea ikaburuza. Mafuta ya taa na mswaki hutosha kwa uchafu. Silinda ikiwa tupu, koki polepole: lazima ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho. Isipojifunga, meno yameliwa na hakuna mafuta yatakayoyarudisha. Iende kwa fundi wa silaha anayetambuliwa, pamoja na leseni inayodaiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya 2015.