Chuo, Jamii na Jukwaa: Mafunzo ya Malya kwa Bujumbura

Dai kwamba jukwaa la chuo li wazi kwa wanafunzi na kwa jamii linahitaji kupimwa kwa swali moja: jamii inaalikwa kuketi, au kuunda?

Kikundi cha maonyesho ya safari cha Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza mwaka 1965, kilipeleka michezo vijijini bila kiingilio, katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Ni hatua ya kuheshimiwa. Hata hivyo, mchezo ulifika ukiwa umekwishaiva. Mwanakijiji alibaki mtazamaji.

Huko Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, waliugeuza mpangilio huo. Vijana wa kijiji ndio waliotaja matatizo yao, mimba za wanafunzi zikiwa mojawapo, wakayatungia igizo kwa ngoma walizozizoea, kisha mjadala ukafuata. Thamani ya Malya, kwa maoni yangu, si ujumbe (ujumbe huo hata bango la zahanati lingeutoa), bali kwamba vijana walipata mahali pa kulisema jambo hilo mbele ya wakubwa wao.

Mwaka huohuo wa 1982, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, walionyimwa Ukumbi wa Taifa jijini Nairobi, waliufanyia mazoezi mchezo wa Maitũ Njugĩra chuoni, hadharani, na umati ukaja. Serikali iliwafungia mlango, kisha ikaubomoa ukumbi wao wa kijijini. Jukwaa lililo wazi kwelikweli lina gharama, nasi tusijifanye hatuijui.

Hapa Bujumbura linalonishughulisha zaidi ni suala la lugha. Mtaa wa Buyenzi umezungumza Kiswahili tangu zama za ukoloni, kikichanganyika na Kirundi na Kifaransa. Mhadhiri anayewaalika wakazi wake waigize, kisha akautumia muda wa mazoezi kuwasahihishia ngeli, anawafanya wageni katika lugha yao wenyewe. Simaanishi Kiswahili sanifu kitupwe. Mhusika aliye hakimu au mwalimu huenda akakihitaji. Lakini mama muuza ndagala akilazimishwa kusema "dagaa" kama mtangazaji wa Dar es Salaam, hadhira ya Buyenzi itacheka pasipokusudiwa, na uhakiki wake utakuwa sahihi kuliko wetu. Napendekeza, basi, kwamba miswada ya michezo ya aina hii iandikwe baada ya mazoezi, si kabla, na mwigizaji wa mtaani awe na kauli ya mwisho kuhusu maneno anayoyatamka.